Tansiyo haina kelele: ugonjwa wa moyo na mishipa kwetu Kasongo na Kabambare



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mchungaji wa parokia moja upande wa Kabambare. Shemasi wetu, mkulima wa miaka hamsini na kitu, alipimwa kwenye kituo cha afya, akaambiwa tansiyo yake ni 18 kwa 11. Akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Sisi tukamwombea juma zima. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akashuhudia: kichwa hakimuumi tena, anajisikia kama kijana, na vidonge ameviacha. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia kipaza sauti. Sikumwambia atupe dawa, hapana. Lakini nilisema "Amina" kwa nguvu kuliko wote, kisha nikaanzisha wimbo.

Miezi saba baadaye, alfajiri, alianguka uani akienda kunawa. Mdomo ulipinda, mkono na mguu wa kuume vikaisha nguvu, maneno hayakutoka. Kabla jua halijachwa familia ilikuwa imekwisha kupata mwenye kosa: mjane wa marehemu ndugu yake, aliyekuwa amemletea sombe siku mbili kabla. Mufumu mmoja alikuwa amethibitisha. Usiku uleule yule mama alifunga vitu vyake ndani ya kitenge akaondoka na watoto wawili.

Nimesoma theolojia miaka mitano, na hakuna siku niliyofundishwa tansiyo ni kitu gani. Nilijifunza baadaye, kwa kuuliza waganga na wauguzi na kusoma. Ninawaandikia yale niliyoyapata, maana najua parokia nyingi zetu zina shemasi kama huyu.

Moyo ni pampu. Unasukuma damu ndani ya mishipa kama vile maji yanavyosukumwa ndani ya bomba. Namba ya kwanza anayotaja muuguzi ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza. Ya pili ni nguvu iliyobaki wakati moyo unapolegea. Wauguzi wetu wengi husema "14 kwa 9", mashine mpya za betri zinaandika "140 kwa 90", ni kitu kilekile. Mtu mzima akipimwa zaidi ya siku moja, akiwa ametulia, akakutwa amefika hapo au kupita, ana tansiyo.

Bomba linalosukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, huchakaa. Kuta za mishipa zinakuwa ngumu na nene, mahali pengine zinalegea. Mshipa ukipasuka au kuziba ndani ya kichwa, hicho ndicho kiharusi, tunachosema "amepooza upande" au "amefanya AVC". Moyo wenyewe, kwa kusukuma dhidi ya mlango mgumu, unapanuka na kuchoka: miguu inavimba, mtu anakosa pumzi akilala chali, anaomba mito mitatu. Figo nazo zinaharibika polepole. Yote haya yanaweza kuendelea miaka kumi bila mtu kusikia maumivu yoyote.

Hapo ndipo ushuhuda wetu ulipotudanganya. Wengi wanadhani tansiyo ni kuumwa kichwa, kwa hiyo kichwa kikiacha kuuma, tansiyo imekwisha. Sivyo. Watu wengi wenye 18 kwa 11 hawaumwi kitu, na wengi wanaoumwa kichwa wana malaria, au njaa, au mawazo. Tena kidonge hakiondoi tansiyo kama kwinini inavyoondoa malaria. Kinaishusha kwa muda wa siku moja hivi, kisha kesho unahitaji kingine. Ni kama mtu anayepandisha mtumbwi juu ya Lualaba: siku anapoweka kasia chini hakai pale alipofika, maji yanamrudisha.

Ugonjwa huu ulikuwa wapi zamani?

Wazee wananiuliza: kwa nini babu zetu hawakuanguka hivi? Swali ni zuri, na lina majibu zaidi ya moja.

Mwaka 1929 munganga Mwingereza jina lake Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, alitoa habari katika gazeti la waganga la Lancet. Alikuwa amewapima wanaume Waafrika wapata 1,000. Kwa Wazungu, tansiyo ilijulikana kupanda kadiri umri unavyoongezeka. Kwa watu wale wa vijijini haikupanda hivyo. Baada ya miaka arobaini ilielekea hata kushuka. Waganga wengi wakahitimisha kwamba Mwafrika hana ugonjwa huu kwa asili yake. Hitimisho hilo lilikuwa kosa, na liliishi muda mrefu.

Miaka ya 1980 watafiti walirudi magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, wakawafuata Wajaluo waliohama kijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi. Mtu aleyale, damu ileile, ukoo uleule. Ndani ya miezi ya kwanza mjini tansiyo yao ilipanda kuliko ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Walipopima mkojo wao wakakuta chumvi imeongezeka, na madini ya potasi, yale tunayoyapata katika mboga, ndizi na matunda, yamepungua. Uzito nao uliongezeka. Kwa hiyo kinga ya kijijini ilikuwa katika chungu cha mboga na katika namna ya kuishi, si katika rangi ya ngozi. Na kinachokaa katika chungu kinaweza kuondoka.

Huko Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri walipata karibu 109 kwa watu 100,000 kila mwaka kule Hai, na karibu 316 kule Dar es Salaam. Mtu anaweza kusoma hesabu hizo na kusema: basi, sisi wa kijijini tumeokoka. Ngoja kwanza. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2000, pia kutoka Dar es Salaam na Hai, uliwakuta wenye tansiyo wengi pande zote mbili. Kati yao hawakufika 20 kwa 100 waliojua kwamba wanayo. Kama 10 kwa 100 walikuwa na dawa. Ambao tansiyo yao ilikuwa imeshuka kweli hawakufika hata mmoja kwa mia.

Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye tansiyo wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa karibu milioni 650 mwaka 1990, na mwaka 2019 walikuwa karibu bilioni 1.28. Karibu nusu yao hawajui. Kwa miaka hiyo mzigo umehama: nchi tajiri nyingi zimeushusha, nchi kama yetu zimeubeba. Marekani vifo vya moyo vilipanda hadi mwisho wa miaka ya 1960, kisha vikashuka kwa zaidi ya nusu ukiangalia watu wa umri mmoja. Hawakupata damu mpya. Walipunguza tumbaku, wakapima, wakanywa dawa.

Watoto wa surua wamekuwa wazee

Kuna jambo moja la kwetu ambalo vijana wa Kasongo hawalijui. Mji wetu unajulikana katika vitabu vya afya duniani. Miaka ya 1970 waganga Wakongomani pamoja na wale wa chuo cha tiba cha Antwerp, Ubelgiji, walijenga hapa mtandao wa vituo vya afya vyenye hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito, na mfano huo ulisaidia kuunda zoni za afya za nchi nzima. Mwaka 1981 habari za chanjo ya surua ya Kasongo zilitolewa katika gazeti lilelile la Lancet. Swali lao lilikuwa zito: mtoto aliyeokolewa na surua, je, hatachukuliwa na ugonjwa mwingine baadaye? Wataalamu waliligombania miaka mingi.

Mimi ni wa kizazi kilichochanjwa baada ya hapo. Kaka na dada zangu ni wale wa wakati ule. Leo tuna miaka arobaini, hamsini, tuna nywele nyeupe, na ule "ugonjwa mwingine" umetukuta kweli, ila umekuja nusu karne baadaye. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa wazee: zamani wengi hawakufika umri wa kuanguka kwa kiharusi. Na wachache walioanguka, nani aliwapima? Tulisema wamerogwa, tukazika.

Jibu la pili ni maisha yetu yalivyobadilika. Nimezunguka zoni za afya za Kabambare, Lusangi na Saramabila, na ninawaambia nilichokiona kwenye masahani. Vita vilipowakimbiza watu mashamba yakabaki. Mkimbizi hali mboga ya shamba lake, anakula cha kununua. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya, Salamabila, kijana anakula ugali na makayabu au ndakala waliokaushwa kwa chumvi, mboga imetiwa kube mbili tatu juu ya chumvi ya kawaida, usiku lotoko, sigara, usingizi wa saa nne. Mgongo ukimuuma, anameza diklofenaki aliyonunua kwa muuza dawa wa barabarani, kila siku, miezi mingi. Dawa hiyo ikinywewa hivyo inapandisha tansiyo na kuumiza figo. Wakulima wetu nao wanaitumia vilevile. Wengi hawajui.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Kube ni chumvi. Makayabu ni chumvi. Mama anayetia vyote hivyo, na kisha baba anaongeza chumvi juu ya meza kabla hajaonja, wamepita kijiko hicho mapema. Wengine wananiuliza juu ya mawese. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale mazito ambayo mishipa haiyapendi yakizidi, lakini mawese mekundu pia yana vitamini A inayolinda macho ya watoto. Kwa hiyo sisemi tuyaache. Sombe isiogelee, basi.

Niseme pia, kwa haki, kwamba si kila ugonjwa wa moyo ni tansiyo. Kijana wa miaka kumi na nane anayekosa pumzi pengine aliumwa koo mara nyingi utotoni bila kutibiwa; koo hilo linaweza kuleta homa inayoharibu milango ya moyo. Mtoto mwenye koo kali na homa apelekwe kituoni, penisilini ipo. Na mama mjamzito mwenye kichwa kikali, macho yenye giza, au uso na mikono iliyovimba, asingoje Jumapili. Aende leo.

Wamama wa Martha

Mahali palipojulikana sana kwa kugeuza ugonjwa huu ni jimbo la Karelia Kaskazini, nchi ya Finland. Wakulima na wakata miti, watu wenye nguvu kama wetu, walikuwa wakifa kwa moyo wakiwa na miaka arobaini na hamsini. Mwaka 1972 kazi ilianza. Haikuanza na mashine kubwa za hospitali. Ilipita kwa wauguzi wa vijiji, wenye maduka, walimu, na zaidi kwa chama cha wamama kinachoitwa Martha, kilichoanzishwa mwaka 1899 na kuchukua jina la yule Martha wa Bethania aliyehangaika jikoni katika Luka 10. Wamama hao walikusanya watu, wakapika pamoja chakula chenye siagi kidogo na chumvi kidogo na mboga zaidi, wakala pamoja. Tansiyo ilipimwa, dawa zikatolewa, tumbaku ikapungua. Baada ya miaka kama arobaini, vifo vya mishipa ya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilikuwa vimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Nimehubiri juu ya Martha mara nyingi, kila mara nikimkemea. Niliposoma habari hii niliona aibu kidogo.

Shida yao ilikuwa siagi, yetu ni chumvi na tansiyo isiyopimwa, kwa hiyo hatutaiga kila kitu. Lakini wamama wa kanisa wenye sare zao na Alhamisi yao tunao. Kanisa la Kristo katika Kongo si geni katika kazi hii: mwaka 1981 lilianzisha SANRU, mpango wa afya ya vijijini uliosaidia zoni nyingi. Wakati huo tulipambana na vifo vya watoto. Hakuna mahali pengine, si shule, si soko, ambapo watu wazima wa kijiji wanakaa chini wametulia kwa saa mbili kila juma.

Parokia ninayotumikia sasa ina mashine moja ya betri, tuliyonunua kwa sadaka ya wamama. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, muuguzi wa kituo anakaa chini ya mwembe. Mtu anaketi kwanza dakika tano bila kuongea, amekwisha kwenda haja ndogo, mgongo umeegemea, mkono umelala juu ya meza sawa na kifua. Anapimwa mara mbili. Namba inaandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, si kwenye daftari la kanisa, maana afya ya mtu si tangazo. Akikutwa juu, anaitwa tena siku nyingine, kisha anakwenda kituoni. Mimi sitoi dawa, sisemi nani ni mgonjwa. Kazi yangu ni kukaa kwenye foleni kama wengine. Mara ya kwanza nilikutwa na 15 kwa 9 na nusu. Mke wangu ameficha kube.

Dawa zinapatikana kwa shida, nakubali. Amlodipini na hidroklorotiazidi ni za zamani, si za bei ya dhahabu, ziko katika orodha ya dawa za lazima, lakini kituo kinaweza kukaa miezi bila hata moja. Ndiyo maana tumeanza mfuko mdogo: kila mwenye tansiyo anaweka kidogo kila juma, muuguzi anaagiza za watu wote pamoja kutoka kwa muuzaji anayejulikana, si barabarani. Mwaka jana mfuko uliishiwa mara mbili. Tuliuanza tena. Msigawane vidonge: dawa ya jirani ni ya tansiyo ya jirani.

Na mtu akianguka, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, msimpe maji, msimpe chakula wala kidonge, kwa maana koo lake linaweza kuwa limepooza naye atakabwa. Msimpe aspirini mkidhani mnasaidia; kama ni mshipa uliopasuka mtaongeza damu. Msimchanje chale. Mlalisheni kwa ubavu, tafuteni moto au tipoyi, mpelekeni hospitali saa ileile. Maombi yafanyike njiani.

Je, hii ni kukosa imani? Nimeulizwa mara nyingi, na mara nyingine na watumishi wenzangu. Ninawaelekeza kwa mfalme Hezekia, 2 Wafalme 20. Alikuwa na ugonjwa wa kufa, aliomba kwa machozi, Mungu akasikia na kumwongezea miaka 15. Na nabii yuleyule aliyeleta neno la Bwana ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Isaya hakuona ugomvi kati ya hayo mawili. Kwa hiyo tumeweka utaratibu katika parokia yetu: hakuna ushuhuda wa kuacha dawa ya tansiyo, ya sukari au ya kifafa mpaka muuguzi aseme kwa namba. Wengine waliondoka kwenda makanisa mengine kwa sababu ya neno hilo. Wawili walirudi.

Yule shemasi yuko hai. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kuume umebaki umekunjwa, na maneno yamerudi nusu. Anakunywa vidonge vyake kila asubuhi, na katika daftari lake namba ya mwisho niliyoiona ilikuwa 13 kwa 8. Mwaka jana, mbele ya wazee wa kanisa, familia yake ilikubali kutoa tamko kwamba mjane wa ndugu yao hakufanya lolote. Mimi pia nilisimama nikasema sehemu yangu, pamoja na ile "Amina". Tuliandika barua, tukaituma kwa mkono wa wafanyabiashara wanaokwenda Salamabila, maana tulisikia alionekana huko akiuza mihogo. Barua imerudi haijafunguliwa. Tumeandika nyingine.